Njia ya Chumvi, shajara ya mradi: jambazi wa kivukoni

Jumatatu, 5 Mei 2025

Leo nimefunga faili za michoro za Njia ya Chumvi, gemu ya simu ninayoitengeneza, nikarudi kwenye hesabu. Ramani inatembeleka yote sasa, toka pwani mpaka vilima vya magharibi: vijiji sita, mapango manne, mto mmoja mpana wenye kivuko. Kijana mchukuzi anaondoka na mzigo wa chumvi begani, na njiani anakutana na fisi, nyoka, wanyang'anyi na zimwi mmoja ambaye bado sijamaliza kumchora meno.

Kilichonirudisha kwenye hesabu ni neno la jirani yangu, fundi simu, aliyeicheza gemu siku tatu mfululizo dukani kwake kila wateja walipopungua. Alinirudishia simu ya majaribio akasema, "Kaka, gemu nzuri, lakini kadiri ninavyokua ndivyo ninavyozidi kuwa mnyonge." Nikadhani hakujua kubadilisha silaha. Usiku nimekaa na jedwali, nikakuta amesema kweli tupu.

Tangu mwanzo wa mradi nimetumia njia rahisi kuliko zote: leveli (daraja la nguvu) ya adui ni leveli ya mchezaji. Ukiwa leveli 1, jambazi wa kivukoni naye ni leveli 1. Ukifika 20, naye 20. Niliipenda kwa sababu iliniruhusu kumwacha mchezaji aende upande wowote wa ramani bila hofu ya kumkutanisha na kitu cha kumzidi. Sasa nambari zenyewe. Nguvu ya pigo la mchezaji inaanza 8 na kuongezeka 3 kila leveli. Kinga ya jambazi inaanza 2 na kuongezeka 2. Afya yake inaanza 24 na kuongezeka 14. Pigo linalomfikia ni nguvu ukitoa kinga. Leveli 1: 8 toa 2 ni 6, afya 24, mapigo 4 yanatosha. Leveli 5: mapigo 8. Leveli 10: mapigo 10. Leveli 20, baada ya saa chungu nzima za kucheza, mapigo 12 kumwangusha mtu yule yule ambaye siku ya kwanza alianguka kwa 4.

Ukizitazama nambari hizo moja moja huoni kosa. Kila kitu kinapanda, na kupanda ndiko nilikokutaka. Lakini adui anapanda kwa mambo mawili, kinga na afya, na mchezaji anamfukuza kwa jambo moja. Mchezaji akipanda leveli ngoma inalia, maandishi ya rangi ya dhahabu yanatokea kwenye kioo, na nyuma ya pazia mimi ninampunguza.

Ijumaa, 9 Mei

Siku tatu sikuandika hata mstari mmoja wa msimbo wa programu, kwa sababu jambo hili limenikumbusha mbali.

Nimekulia kwenye mabanda ya gemu hapa Tanga, na bandani ilikuwa mpira na ngumi tu. RPG, gemu ya hadithi ndefu ambamo unamwongoza mhusika na kukua naye, haikai bandani. Unalipia dakika, na hadithi ya saa 50 huwezi kuila kwa dakika za kulipia. Halafu hakuna wa kukulindia kadi yenye safari yako, anayekuja baada yako atahifadhi ya kwake juu ya ya kwako na hatajua alichofuta. Kwa hiyo RPG ya kwanza iliyonishika kweli nilikutana nayo ukubwani, kwenye kompyuta ya rafiki: The Elder Scrolls IV: Oblivion ya Bethesda, iliyotoka Machi 2006. Unaanza ukiwa mfungwa, unapita kwenye mitaro ya maji machafu chini ya mji, kisha mlango wa mwisho unafunguka na mbele yako kuna maji, magofu meupe ng'ambo, na nchi nzima ambayo unaweza kuiendea popote. Ninautafuta ule mlango katika kila kitu ninachotengeneza.

Baada ya wiki kadhaa nilikuwa leveli ya ishirini na kitu. Jambazi akanisimamisha barabarani akadai sarafu 100 au roho yangu. Alikuwa amevaa deraya ya kioo, ile ya kijani inayong'aa, ambayo kila kipande chake kina thamani kubwa kuliko hizo 100 alizokuwa anazidai. Nilisimama nikamtazama. Mtu mwenye mali ile mwilini anafanya nini kichakani?

Jibu ni orodha. Ndani ya gemu kuna orodha za viumbe na za vitu, kila kimoja na leveli ambayo kinaruhusiwa kutokea, na leveli inayopimwa ni ya kwako. Ukiwa mdogo, porini kuna mbwa mwitu. Ukikua wanapungua, wanakuja dubu, kisha troli na minotauri, katika pori lile lile. Silaha nazo ni hivyo hivyo, ndiyo maana yule jambazi alikuwa tajiri: orodha ilinisoma mimi ikamvika yeye. Na baadhi ya maadui wa leveli za juu afya yao inaendelea kuongezeka kila unapopanda, ilhali nguvu ya panga lako ina mahali inapokomea. Ndiyo hesabu yangu ya mapigo 12, nimeiandika upya miaka 19 baadaye bila kujua.

Lililoniuma zaidi lilikuwa kitanda. Gemu ile ina stadi 21, na mwanzoni unachagua 7 ziwe kuu. Stadi kuu zikipanda mara 10 kwa jumla, leveli mpya inakusubiri, lakini huipati mpaka ulale. Ukichagua stadi kama kukimbia na kuongea na watu, utakua kwa kukimbia na kuongea, na dunia nzima itakua nawe ikiwa imeshika shoka. Halafu kila unapopanda, nyongeza ya sifa tatu za mwili inakuwa kati ya 1 na 5 kutegemea ulifanyia mazoezi stadi zipi, kwa hiyo watu wakawa na karatasi pembeni wanahesabu mapigo ya nyundo na mikwaruzo ya ngao ili wasipoteze nyongeza. Wengine wakaamua kutolala kabisa. Walimaliza hadithi nzima wakiwa leveli za mwanzo kabisa, na ilikuwa rahisi kuliko kukua. Ushauri wa kawaida kwa mgeni ulikuwa aende mapema kuukomboa mji wa Kvatch, kabla hajawa na nguvu.

Gemu inayomfundisha mtu kukimbia kitanda ili asikue imemnyang'anya kitu alichoijia. Nasema hivi nikiwa naipenda gemu ile kuliko nyingi.

Wachezaji wenyewe waliirekebisha. Modi kubwa, yaani badiliko la gemu lililotengenezwa na mashabiki, iitwayo Oscuro's Oblivion Overhaul iliwarudishia maadui wengi nguvu zao wenyewe zisizomwangalia mchezaji, na kuna mapango ambayo ukiyaingia mapema unakufa tu. Mwezi uliopita, tarehe 22 Aprili, Oblivion imetoka ikiwa imetengenezwa upya. Karatasi za kuhesabia hazina kazi tena, kwa kuwa stadi zote sasa zinachangia leveli na mchezaji anagawa pointi 12 mwenyewe. Maadui kupanda pamoja nawe kumebaki.

Jumatano, 14 Mei

Nimeufuta mstari unaosema leveli ya adui ni leveli ya mchezaji. Kila adui sasa ana leveli yake iliyoandikwa kwa mkono. Jambazi wa kivukoni nimempa 6: afya 94, kinga 12, nguvu ya pigo 18. Kazi ya saa nne, maadui 61. Umeme ulikatika nikiwa kwenye wa 40, bahati nilikuwa nimehifadhi.

Jumamosi, 17 Mei

Mpwa wangu wa kidato cha kwanza amekuja kushinda kwetu. Nimempa simu na sikumwambia lolote, nikakaa nyuma yake na daftari.

Hakwenda kijijini kama nilivyotarajia. Alinyoosha moja kwa moja mpaka mtoni, leveli 1, na mkuki wa kuanzia. Jambazi akampiga mara tatu akafa. Akarudi. Akafa. Mara ya nne akagundua kitu ambacho mimi sikukijua: jambazi hawezi kuuzunguka mtumbwi uliovutwa ufukweni. Akasimama upande wa pili, akawa anachoma kwa mkuki juu ya mtumbwi, jambazi anatikisa panga hewani hafiki. Nikaona midomo yake inatembea, anahesabu kimya kimya. Nilitaka kusimamisha jaribio, nikajizuia. Ilichukua dakika karibu sita.

"Mjomba," akasema jambazi alipoanguka, "tisini na nne."

"Tisini na nne nini, mjomba?"

"Nimempiga mara tisini na nne. Kila pigo linatoa moja tu. Huyu mtu ameumbwa na nini?"

Nguvu 8, kinga 12. Ukitoa unapata hasi nne, na nilikuwa nimeandika kwamba pigo lolote lisishuke chini ya 1. Kwa hiyo mkuki wa mtoto leveli 1, hata leveli 2, ni kitu kimoja kwa jambazi yule: moja, moja, moja. Nilidhani ule mstari niliofuta Jumatano ndio uliokuwa na kasoro. Kumbe hata kanuni ya kutoa ina kasoro yake, na ilikuwa imejificha nyuma ya ile ya kwanza: adui alipokuwa anapanda nawe, nguvu yako ilikuwa daima juu ya kinga yake, kasoro haikuonekana. Dunia ikisimama mahali pamoja, kutoa kunageuka ukuta. Upande mmoja wa ukuta hufanyi kitu, leveli mbili mbele unafanya kila kitu, na katikati hakuna pa kujaribu bahati wala akili.

Mtoto amekaa dakika sita akimchoma mtu mkuki juu ya mtumbwi. Hakulalamika. Alifurahi sana jambazi alipoanguka, na furaha ile haikuwa na ukubwa huo katika toleo la zamani, hata mara moja, kwa mtu yeyote niliyemtazama akicheza. Hilo nimeliandika peke yake kwenye ukurasa na kulipigia mstari.

Jumamosi, 24 Mei

Kanuni mpya: nguvu mara nguvu, ugawe kwa jumla ya nguvu na kinga. Kinga haifuti tena pigo, inalipunguza. Hata mnyonge anatoa jasho la mwenye nguvu.

Nimeipitisha kwa jambazi wa leveli 6 kabla ya kuigusa gemu. Mchezaji leveli 1: pigo linatoa 3, mapigo 32. Leveli 3: linatoa 8, mapigo 12. Leveli 6: linatoa 15, mapigo 7. Leveli 10: mapigo 4. Leveli 15: mapigo 3. Upande wa pili, yaani mapigo mangapi ya jambazi yanammaliza mchezaji: leveli 1 ni 3, leveli 3 ni 5, leveli 6 ni 9, leveli 10 ni 17.

Nambari hizi mbili, mapigo ya kuua na mapigo ya kufa, ndizo ninazozitazama sasa kuliko leveli. Leveli 3 unahitaji 12 na unavumilia 5, utashindwa, ila ukiwa na dawa mbili na ukijua kurudi nyuma anapoinua panga unaweza. Leveli 6 unahitaji 7 na unavumilia 9, mtatoshana. Anayetengeneza gemu ya namna hii na anasoma shajara hii, nakuomba uandike hizo safu mbili kabla hujaandika nyingine yoyote. Nambari ya leveli ni jina tu. Mkono wa mchezaji unahesabu mapigo, kama alivyohesabu mpwa wangu.

Nimemfundisha jambazi kuzunguka mtumbwi. Mpwa wangu amekuja leo, amefika mtoni leveli 3, ameshindwa mara mbili, kisha akafanya kitu ambacho sijawahi kumwona mtu akikifanya kwenye gemu hii: aligeuka. Alisema, "Nitarudi kwako," akaishika njia ya kijijini.

Jumapili, 1 Juni

Upande mwingine wa jambo. Fundi simu amefika leveli 12 na ananiambia sehemu yote ya kusini imekuwa ya kufagia. Aliruka vijiji viwili vya pwani mwanzoni, sasa amevirudia, na fisi wanakufa kwa pigo moja. Kazi ambazo nilizipenda kuliko zote, ile ya mzee wa chaza na ile ya kisima, amezipitia usingizini.

Ni gharama halali ya dunia iliyosimama, na wengi wameilipa. Gothic, ya Piranha Bytes ya Ujerumani, 2001, ilikubali kuilipa yote: ukitoka nje ya njia siku ya kwanza unauawa na mnyama wa kwanza utakayemkuta, na ndiyo maana siku utakayopita pale bila hofu unaikumbuka. Dragon Quest ya 1986 iliifanya kwa ustaarabu zaidi. Ramani yake imekatwa na maji, na ukivuka daraja maadui wa upande wa pili ni wakali kuliko wa huku. Mchezaji haambiwi kitu. Anavuka, anapigwa, anaelewa daraja ni nini. Nilipolikumbuka hilo nimekitazama kivuko changu kwa macho mengine. Nilikiweka pale kwa sababu ya mandhari tu.

Final Fantasy VIII, 1999, ilikwenda njia ya kupanda pamoja: maadui wanafuata wastani wa leveli za kikundi chako. Lakini nguvu kubwa kule inatokana na uchawi unaoufungamanisha na sifa za wahusika, leveli inachangia kidogo. Waliolitambua hilo wakawa wanawageuza maadui kuwa karata badala ya kuwaua, maana karata haikupi pointi za uzoefu, na wakaipita gemu wakiwa wadogo kileveli na wazito kiuchawi. Kitanda cha Oblivion, miaka saba kabla yake.

Guild Wars 2, 2012, ilifanya kinyume: ukirudi nchi ya wadogo, unashushwa wewe. Kwa gemu ya watu wengi ni sawa, marafiki wa leveli tofauti wanaweza kutembea pamoja. Kwa kijana wangu wa chumvi, aliye peke yake njiani, nitakuwa nimemvua nguo alizozitolea jasho.

Nimeamua kujaribu sakafu na dari. Kila sehemu ya ramani ina leveli ya chini isiyoshuka na ya juu isiyopanda, na kati ya hizo mbili adui anamfuata mchezaji. Pwani 1 hadi 5. Mto 4 hadi 9. Msitu 7 hadi 13. Vilima 11 hadi 20. Leveli ya sehemu inafungwa siku unapoingia kwa mara ya kwanza na haibadiliki tena. Maadui wenye majina hawamo, wao wana leveli yao mpaka mwisho.

Jumanne, 3 Juni

Kufunga leveli hakuhifadhiwi ukizima gemu. Nimerekebisha.

Jumatano, 11 Juni

Idi imepita, nyumba imetulia, nimepata usiku mmoja mzima.

Kufunga leveli siku ya kwanza nimekuchukua kwenye Fallout 3 ya 2008 na Skyrim ya 2011, ambako Bethesda hao hao walikuwa wameshalisikia la Oblivion. Sehemu nyingi kule zina leveli ya chini, na ukiingia mara ya kwanza sehemu inajipima na wewe na kubaki na kipimo hicho. Ni hatua kubwa. Pango lililokushinda jana ni lile lile leo.

Ila fundi simu, mtu makini, ameniambia bila kuulizwa kwamba tangu alipoujua utaratibu huo amepita ramani nzima leveli 4 akichungulia mlango wa kila pango na kutoka. Hata vilimani alikimbia na kufa mara ishirini ili afungishe kila kitu kwenye sakafu yake. Nikamuuliza alifurahi? Akafikiri kidogo. "Hapana kaka, lakini ningekuwa mjinga nisipofanya."

Siwezi kumlaumu. Kila nilipomfungamanisha adui na mchezaji, mchezaji mwenye akili ameacha kumtazama adui akaanza kuitazama kamba. Alikimbia kitanda, aligeuza karata, sasa anachungulia milango. Kamba ikiwa ndefu au fupi, ikivutwa kila siku au mara moja tu, anaiona.

Kwa hiyo nimeikata. Adui wa *Njia ya Chumvi* atapanda kwa sababu ya mambo ya dunia yake. Gothic ina sura za hadithi, na sura ikibadilika viumbe wapya wanaingia porini. Mimi nina kitu cha kwangu kinachofaa kuliko sura: safari. Kijana akifikisha chumvi bara na kurudi pwani, msimu unabadilika. Safari ya kwanza ni kiangazi, njia iko wazi. Safari ya pili masika, mto umejaa, nyoka wamehamia njiani wakikimbia maji. Safari ya tatu mavuno yameharibika, na watu waliokuwa wanauza mihogo kandokando ya njia sasa wako kichakani na mapanga. Mchezaji atasikia habari hizo kijijini kabla hajakutana nazo. Mzee wa chaza atamwambia, "Baba, safari hii usipite msituni peke yako." Fisi wa pwani leveli 2 atabaki leveli 2, kitakachobadilika ni kwamba masika wanatembea watano watano.

Hili la watano linanifurahisha kuliko yote. Fisi mmoja wa leveli 12 ni nambari iliyovaa ngozi ya fisi. Fisi watano wa leveli 2 ni tatizo jingine kabisa kwa mchezaji wa leveli 9: kila mmoja anakufa kwa pigo moja, lakini wanamzunguka, na akisahau mgongo wake watamla. Nguvu yake anaiona katika kila pigo, na bado anapaswa kufikiri. Hesabu ya mapigo ya kuua na ya kufa inakubali, nimeijaribu kwenye jedwali kwa makundi ya watatu, watano na wanane. Wanane ni wengi mno, simu ya zamani ya fundi inakwama.

Kuandika misimu mitatu kutanichukua miezi. Nimeona afadhali.

Jumamosi, 21 Juni

Msimu wa kwanza na wa pili vinachezeka. Mpwa wangu amekuja asubuhi, akaomba faili lake la zamani. Nilikuwa nimelihifadhi na kulihamishia kwenye toleo jipya, kazi ya jana mpaka saa saba usiku, kwa sababu alimwahidi yule mtu kwamba atarudi.

Amecheza mpaka adhuhuri bila kwenda mtoni. Kisima, mzee wa chaza, pango la kwanza. Nilidhani amesahau. Alipofika leveli 8 akanunua mkate wa safari, akauza mkuki wake wa ziada, akashika njia ya kivukoni bila kunitazama.

Jambazi alikuwa pale pale kando ya mtumbwi, leveli 6, afya 94, panga lile lile. Akasema maneno yake yale yale: "Chumvi au damu." Mpwa wangu alitua simu mezani, akafuta viganja kwenye kaptula, akaishika tena. Pigo la kwanza likatoa 21. Akacheka kwa sauti. La pili, la tatu. Jambazi akainua panga, mtoto akarudi hatua moja nyuma kama alivyojifunza siku zile alipokuwa anakufa, panga likapita. La nne, la tano. Jambazi akapiga goti.

"Matano, mjomba! Yalikuwa tisini na nne."

Kwenye toleo la mwanzoni mwa Mei, leveli 8 ingemgharimu mapigo 10 kwa jambazi huyu. Nimeikagua nambari hiyo mara mbili baada ya yeye kuondoka.

Alipoingia ndani kula, nimekaa na faili la jambazi. Nilikumbuka EarthBound, ya Japani 1994, ambako ukishakuwa na nguvu maadui wa mwanzo wanakukimbia wenyewe, na ukimgusa mmoja gemu inakupa ushindi bila pambano. Nimeandika mistari kumi na moja: jambazi wa kivukoni akishindwa mara moja, hapigani tena na mtu aliyemshinda. Anakwenda pembeni, anasema, "Pita."

Mpwa wangu amerudi na mikono ya mafuta, nikampa simu. Akavuka. Jambazi akampisha. Akageuka akavuka kurudi, jambazi akampisha. Amevuka mto ule mara sita, kwenda na kurudi, hana kazi ng'ambo wala huku, mpaka dada yangu alipokuja kumchukua.

Kesho nachora picha mbili za jambazi akipisha njia. Sasa hivi anaruka kutoka hapa hadi pale kama amesukumwa, na nataka aonekane akitazama chini anapompisha.